Mafundi wa Valvu

Kwenye bucha za Kariakoo moyo wa ng'ombe haupewi heshima kubwa. Hulala sinia moja na maini na figo, ukisubiri mteja wa supu. Lakini muuza nyama akiupasua katikati, anafunua kazi ya ufundi wa hali ya juu. Ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, tena kwa mbali. Upande wa kulia husukuma damu mpaka kwenye mapafu tu, hapo jirani. Wa kushoto huisukuma mwili mzima, hadi kwatoni. Ndani yake zinaning'inia ngozi mbili nyeupe, laini, zilizofungwa kwenye misuli kwa nyuzi ngumu, mithili ya tanga la jahazi na kamba zake. Hiyo ni valvu.

Moyo wa binadamu umejengwa vivyo hivyo: vyumba vinne, valvu nne. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupitisha takriban lita 5 za damu kwa dakika, karibu damu yote aliyonayo. Nguvu hutoka kwenye misuli, ila njia huamuliwa na valvu. Damu ikienda mbele, zinafunguka. Ikitaka kurudi, zinajifunga. Mlio anaousikiliza daktari kifuani ni wa valvu hizo zikifunga.

Zikiharibika, kazi inahamia Upanga.

Ukivuka Barabara ya Morogoro kutoka Kariakoo, hufiki mbali kabla ya Muhimbili, huko Upanga, ilipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Miongoni mwa wagonjwa wa valvu ni vijana ambao utotoni waliugua koo na hawakutibiwa ipasavyo. Kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wa koo huishambulia valvu yenyewe, na baada ya miaka zile ngozi laini hukakamaa na kugandana.

Hapo ndipo mkono wa fundi unapohitajika. Mfupa wa kidari unapasuliwa, damu inaelekezwa kwenye mashine inayoshika zamu ya moyo na mapafu, kisha moyo unasimamishwa kwa dawa yenye potasiamu nyingi. Daktari anaachanisha ngozi zilizogandana, anashonea pete pale palipotanuka, halafu anajaza maji ya chumvi kwenye chumba cha chini na kutazama: yanavuja au hayavuji? Valvu isiyotengenezeka hutolewa, ikawekwa ya bandia.

Majaribio hayaishii hapo. Moyo ukirudi kudunda, kipimo cha eko kilichopitishwa kooni kinaikagua valvu ikiwa kazini, damu ikipita kweli. Ikionekana bado inarudi nyuma kwa wingi, mgonjwa hurejeshwa kwenye mashine na daktari akashika uzi upya.