Pamba ya Mugeta na Fahirisi ya Ushindani wa Viwanda: Uhakiki wa Kipimo

Fahirisi ya Ushindani wa Viwanda ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) ilianza kutolewa katika ripoti ya mwaka 2002/2003. Nguvu yake ni kulinganisha nchi kwa viashiria vichache vilivyo wazi. Udhaifu wake hudhihirika inaposhushwa hadi ngazi ya mkoa, kama Mara inavyoonesha.

Tatizo la kwanza ni la uainishaji. Pamba mbegu ya wilaya ya Bunda, ilimo kata ya Mugeta, hupelekwa mahali ambapo kila mkulima hupaita kiwanda cha kuchambua pamba. Hata hivyo, katika uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi (ISIC, toleo la 4), uchambuaji wa pamba umewekwa katika kilimo, tabaka 0163. Kinyume chake, usagaji wa nafaka ni shughuli ya kiwanda, tabaka 1061. Lakini utafiti wa mwaka wa uzalishaji viwandani huhusu sehemu zenye wafanyakazi 10 au zaidi, hivyo mashine ya kusaga yenye watu wawili haionekani. Mkoa hupungukiwa viwanda kabla haujapimwa.

Tatizo la pili linagusa dhana yenyewe ya kupanda daraja. Fahirisi huitambua kwa sehemu ya bidhaa za teknolojia ya kati na ya juu katika thamani yote iliyoongezwa viwandani. Nguo huhesabiwa kuwa teknolojia ya chini. Kwa hiyo, kiwanda kama MUTEX cha Musoma kikigeuza pamba nyuzi kuwa kitambaa, kiasi cha thamani kwa kila mtu kitapanda, ilhali kiashiria cha teknolojia kitashuka, kwa kuwa kigawanyo kimeongezeka. Hatua kubwa kuliko zote kwa mkulima wa Mugeta husomeka, kwa kiashiria hicho, kama kurudi nyuma.

Tatu, takwimu za mauzo ya nje hukusanywa na forodha kwa nchi nzima. Minofu ya sangara ya Musoma huhesabiwa ya Tanzania, si ya Mara.

Haifuati kwamba fahirisi itupwe. Inafuata kwamba nafasi ya mkoa isitangazwe kwa kipimo hicho peke yake. Kipimo cha kuisindikiza kingeuliza jambo moja: kwa kila kilo ya pamba mbegu, ni kiasi gani cha thamani ya nyuzi, mafuta, mashudu na kitambaa kinachobaki mkoani? Bila swali hilo, sera ya viwanda itaendelea kuelekezwa kule ambako tayari kunahesabika.