Cherehani, Jembe na Daftari

Musonoi, pembeni mwa mji wa Kolwezi nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulijengwa kuwa mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Leo, huko na kote Kolwezi, kuna watoto wanaookota na kuosha mawe yenye kobalti, ile iliyomo kwenye betri za simu zetu. Masista Wakatoliki wa shirika la Bon Pasteur walifika mjini mwaka 2012. Peke yao wasingefika mbali. Ili watoto waache mawe na kwenda shule, wanafanya kazi na walimu, wakulima, mafundi cherehani na wajuzi wa sheria.

Kumfundisha kusoma mtoto mkubwa ambaye hajawahi kushika kalamu ni kazi, lakini gumu zaidi ni swali la mama yake: mawe yakikoma, unga wa bukari, yaani ugali, utatoka wapi? Hapo mwalimu hana jibu. Mwenye jibu ni mkulima anayemwonyesha mama jinsi ya kulima mahindi na kufuga samaki, au fundi anayemfundisha kukata kitenge bila kupoteza kipande. (Sare ya shule nayo lazima ishonwe na mtu.)

Bei ya kobalti ikipanda, watoto huweza kurudi kwenye mawe na madawati yakabaki wazi. Asubuhi kama hiyo lazima mtu avae viatu na kwenda kubisha nyumba kwa nyumba kuwatafuta.