Mkono wa Mwashi Boma la Kale

Ukishuka pantoni Magogoni asubuhi, umati unakusukuma: huku soko la samaki, kule daladala za Kariakoo. Siku hiyo sikuwa na pa kuwahi. Nilifuata bandari kwa miguu, nikapita Kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu, kisha la Mtakatifu Joseph na mnara wake mrefu. Yote mawili ni ya enzi za Wajerumani, na kila moja linastahili siku yake. Mimi nilikuwa nakwenda Boma la Kale.

Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akiuanzisha mji huu wa Dar es Salaam, ili wageni wake wapate pa kufikia. Majid akafariki 1870, mji ukapooza. Wajerumani wakaja, Waingereza wakaja. Ukuta upo.

Jiwe lake ni tumbawe, lina vitundu kama mkate wa kumimina, na halina umbo linalofanana na jenzake. Kwa hiyo mwashi hulishika, huligeuza, hulitafutia uso, hulilaza mpaka uzito wake uegemee mawe mawili ya chini, si moja. Mianya huisokomeza vijiwe na chokaa. Na chokaa yenyewe hutoka kwenye jiwe hilohilo: matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa hadi yawe meupe na mepesi, humwagiwa maji yakachemka na kuvunjika yenyewe kuwa unga. Kisha chokaa hulazwa. Fundi mwenye pupa akiitumia ikiwa changa, plasta hupasuka. Akiileta saruji kwenye ukuta wa namna hii, unyevu hunasa ndani na kuula. Chokaa huuachia unyevu utoke.

Hata upana wa chumba katika nyumba za mawe za pwani uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko hubeba dari kwa mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba na virefu. Fundi hakugombana na mkoko.

Mlangoni ndipo nilipokaa zaidi. Miimo miwili, mfaa katikati, nakshi zikipanda juu. Ua katika nakshi hizo halikubandikwa. Liliachwa: kilichoondolewa ni mbao iliyolizunguka, kipande baada ya kipande, na patasi ikiteleza mara moja hakuna pa kulirudishia. Nilifuatisha kwa kidole jani moja kutoka shinani hadi nchani. Sikukuta mahali mkono ulipositasita.

Alasiri jua liliupiga ukuta kwa ubavu. Adhuhuri ulionekana bapa. Sasa ulikuwa na mawimbi madogomadogo, kila bonde likiwa pale jiwe lilipozama kidogo na kila kilima pale lilipojitokeza, na chokaa imeyafuata yote bila kuyaficha.