Pongezi kwa Walenga Shabaha wa Kale

Miongoni mwa vyama vya walenga shabaha nchini Marekani, Single Action Shooting Society, kilichoanzishwa mwaka 1987, kinastahili pongezi kwa namna mchezo wake unavyomlea anayeanza. Washiriki huvaa mavazi ya wachunga ng'ombe wa karne ya 19, hujulikana kwa lakabu, na hutumia bunduki ya marisau, bunduki ya wenzo, yaani ile ambayo risasi husogezwa kwa mkono wa chuma ulio chini yake, pamoja na bastola 2 za silinda ambazo kinyundo cha kila moja huvutwa kwa kidole kabla ya kila mlio. Kinachovutia zaidi ni nidhamu ya meza ya kujazia: katika bastola yenye matundu 6 hutiwa risasi 5 tu, na kinyundo hulazwa juu ya tundu tupu, huku mshiriki mwingine akikagua kwa macho. Kwa kuwa kila shabaha ya chuma inayokoswa huongeza sekunde 5 kwenye muda wa mshiriki, utulivu humfaa mwanagenzi kuliko haraka, na wakongwe, kwa ukarimu wa kweli, mara nyingi humwazima hata silaha zao.