Wawili kwa Jina Moja

Mshairi wa Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, anayefanya avadhanam huketi jukwaani bila kalamu wala karatasi, mbele ya waulizaji wanane. Mmoja humpa mshororo wa mwisho, mara nyingi wa kipuuzi au wa kutia aibu, amtungie mitatu ya kuutangulia mpaka ulete maana njema. Mwingine humpa maneno manne yasiyo na udugu, yote yaingie katika ubeti mmoja. Wa tatu humvizia: kila silabi inapomtoka, humkataza herufi anayohisi itafuata. Huku kengele ikilia kwa vipindi, mapigo yake yahesabiwe kichwani, yuko mmoja ambaye kazi yake ni kumkatiza kwa soga na mizaha, naye sharti ajibiwe papo hapo, tena kwa ucheshi.

Mshairi hamalizi ubeti wa mmoja ndipo aende kwa mwenzake. Humpa kila aliyeomba ubeti mshororo mmoja, akazunguka, akarudi kwa wa kwanza na mshororo wa pili. Baada ya mizunguko minne huzighani beti zote kwa ukamilifu. Arudhi nayo haimhurumii: katika bahari nyingi, konsonanti ya silabi ya pili hulingana katika mishororo yote minne. Kina cha Kitelugu hukaa karibu na kichwa, si mkiani kama katika tarbia zetu.

Walioitoa sanaa hii kwa wachache na kuifikisha kwa wengi ni Divakarla Tirupati Sastry, aliyezaliwa mwaka 1872, na Chellapilla Venkata Sastry, aliyemtangulia kwa miaka miwili. Walisoma kwa mwalimu mmoja, Charla Brahmayya Sastri, wakaungana wakawa Tirupati Venkata Kavulu. Walizunguka katika majumba ya watawala wa nchi ya Andhra, wakifanya hata satavadhanam, ambamo waulizaji hufika mia. Hawakuwa wanyenyekevu. Walifuga masharubu, jambo lisilozoeleka kwa wanazuoni wa Kibrahmani, wakatangaza kwa shairi kwamba ni alama ya umahiri wao katika Kitelugu na Kisanskriti. Atakayewashinda, watayanyoa mbele yake.

Lakini majivuno hayo hayakuwa ya mtu mmoja. Walichotunga pamoja na alichotunga kila mmoja peke yake vilitoka kwa jina la wote wawili. Tamthilia zao za Mahabharata, utenzi mkuu wa India, hasa Pandavodyogam, zilichezwa vijijini mpaka beti zake zikaimbwa na wakulima wasiojua kusoma, maana wasomi hawa waliziandika kwa Kitelugu chepesi kinachokaa mdomoni. Tirupati Sastry alifariki mwaka 1920. Mwenzake aliishi takriban miaka thelathini zaidi, akaendelea kuchapisha kwa jina lile lile la wawili. Mwaka 1949 serikali ya Madras ilimtawaza kuwa mshairi wake rasmi. Huko Machilipatnam, kwenye pwani ya Ghuba ya Bengal, alikuwa amefundisha shuleni. Kati ya wanafunzi wake alikuwamo Viswanatha Satyanarayana, mwandishi wa kwanza wa Kitelugu kupata Jnanpith, tuzo ya fasihi ya India, kwa mwaka 1970.

Watu wengi huisifu avadhanam kwa sababu ya kumbukumbu. Mimi naisifu kwa adabu yake. Mshairi hachagui mada, wala maneno, wala wakati wa kunyamaza. Vyote huletwa na wengine, na kila mmoja ana haki ya kupata jibu lake, hata yule mpiga soga. Aliyezoea kugawa akili yake kwa wanane bila kumpunja yeyote haoni tabu kugawana jina na mmoja. Ndiyo maana sioni mgongano kati ya masharubu yale na miaka thelathini ile: mafundi hawa walijivunia kazi waliyoiweza, na hawakuhitaji kutuambia ni nani kati yao aliyeiweza zaidi.