Kujumuishwa si Kusawazishwa: Uhakiki wa Dhana ya Kazi ya Ukosi wa Zambarau

Katika makala yake ya mwaka 2015 iliyochapishwa katika jarida la Gender & Society, Emmanuel David anachunguza ajira ya wanawake waliobadili jinsia katika vituo vya huduma kwa simu nchini Ufilipino. Akitumia usaili wa kina 41, anabuni dhana ya kazi ya ukosi wa zambarau. Hoja yake ni kwamba wafanyakazi hao, mbali na kupokea simu, hutarajiwa kuchangamsha wenzao, kutuliza mivutano na kuinua ari ya kazi. Uchangamfu huo humzalishia mwajiri thamani.

Ubora wa makala hii ni kuhamisha swali: si kama wameajiriwa, bali wameajiriwa kwa sharti gani. Swali hilo lina uzito katika nchi ambayo Mahakama yake ya Juu, katika shauri la Silverio la mwaka 2007, ilikataa badiliko la jinsi kwenye cheti cha kuzaliwa. Asiyetambuliwa na sheria huzidi kutegemea hisani ya mwajiri.

Hata hivyo, usaili huonesha jinsi wafanyakazi wanavyoielewa kazi yao. Haupimi faida ya mwajiri. Aidha, ucheshi unaomfaa mwajiri waweza kuwa pia ngao ya mchekeshaji mwenyewe. Kwa hiyo, utafiti huu unaichukua dhana ya David kwa nyongeza moja: kigezo cha ujumuishi kiwe uwezo wa mfanyakazi kukataa kuchekesha, na bado akabaki kazini.