"Lakini", "Bali" na "Ingawa": Uhakiki wa Ufundishaji wa Viunganishi vya Ukinzani vya Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Lusangi

Katika mafunzo ya Kiingereza, viunganishi vya ukinzani huhesabiwa kuwa somo dogo. Orodha ya "but", "although", "however", "despite" na "whereas" huandikwa ubaoni, maneno ya Kifaransa au ya Kiswahili yakawekwa mkabala nayo, kisha likafuata zoezi la kujaza mapengo. Makala haya yanauhoji utaratibu huo kwa kumtazama mwanafunzi wa Lusangi, katika sehemu za Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Hoja inayotetewa ni kwamba makosa yanayotarajiwa katika Kiingereza chake hayatokani na upungufu wa Kiswahili chake, bali hutokana na mafunzo yanayoyachukulia maneno haya kuwa visawe.

Kiswahili kilienea Maniema pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na katika miaka ya 1870 Kasongo ikawa makao ya Tippu Tip. Mji huo ulitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893. Lugha ya Waungwana haikuondoka na utawala wao. Ilibaki ikaitwa Kingwana, na mwongozo wa akina Whitehead wa mwaka 1928 uliieleza kuwa ni lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Juu ya lugha hiyo kuna Kifaransa, lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2006, ambayo inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lusangi hukifikia Kiingereza akiwa tayari ana mifumo miwili ya kukinzanisha mawazo.

Mfumo wa kwanza ni wa Kiswahili, nao si maskini. Kutoka Kiarabu kimepokea "lakini", "bali" na "ila". Kutokana na viambishi vyake chenyewe, -nga- na -japo-, kimeunda "ingawa" na "ijapokuwa". Kila neno lina kazi yake. "Lakini" hupinga matarajio: "Alialikwa, lakini hakuja." "Bali" husahihisha jambo lililokanushwa: "Hakuuza mpunga, bali aliukopesha." "Ila" hutoa kimoja katika jumla: "Wote walikuja ila mjomba." Kiingereza kinaweza kutumia "but" katika sentensi zote tatu, na Kifaransa hutumia "mais" katika mbili za mwanzo. Anayefunza kwamba "but" ni "lakini" basi, amempokonya mwanafunzi tofauti aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kijerumani nacho hutenga "aber" na "sondern", na hakuna anayekiona kuwa lugha pungufu kwa sababu hiyo.

Kosa linalokemewa zaidi ni la kuandika "although" mwanzoni mwa sentensi na "but" katikati yake. Chanzo chake ni bayana, kwani Kiswahili huvumilia muundo huo: "Ingawa mvua ilinyesha, lakini walikwenda shambani." Wapo wanaouona kuwa ni ziada hata katika Kiswahili, ila katika mazungumzo na katika sentensi ndefu "lakini" humsaidia msikilizaji kutambua mahali hoja inapogeuka. Katika Kiingereza, "although" hukifanya kishazi chake kuwa tegemezi, hali "but" huunganisha vishazi vilivyo sawa kwa hadhi. Viwili hivyo havikai pamoja. Hata hivyo, Kiingereza cha zamani kiliandika "though" na kukijibu kwa "yet", na muundo huo haujafutika kabisa. Kanuni hii basi ni desturi ya lugha moja, wala si sheria ya akili. Mwanafunzi akielezwa hivyo ataishika kanuni bila ya kuidharau lugha yake.

Mfumo wa pili, Kifaransa, una mitego yake ambayo mara nyingi Kiswahili hubebeshwa lawama zake. Anayeandika "on the contrary" mahali pa "on the other hand" yumkini amefuata "par contre". Kiswahili chenyewe kingemwokoa, kwa kuwa kinatenga "kinyume chake" na "kwa upande mwingine". Vivyo hivyo, "despite of" huweza kuchochewa na "en dépit de" na pia na "licha ya", maana yote mawili yana kiunganishi cha kuambatisha nomino. Hapa msaada na kikwazo vimo katika neno moja: "licha ya" linafundisha sawasawa kwamba baada ya "despite" hutakiwa nomino au jina la kitenzi, si kishazi kizima.

Kasoro kubwa ya mazoezi ya kujaza mapengo ni kuwa hayagusi uzito wa hoja. Tuseme kuna shauri la shamba. Mmoja asema: "Ingawa shamba ni la ukoo, yeye amelilima miaka kumi." Mwingine asema: "Ingawa amelilima miaka kumi, shamba ni la ukoo." Ukweli uliotajwa ni ule ule, ila hukumu zinaelekea pande mbili. Kishazi cha "ingawa" hukubaliwa ili kiwekwe kando. Kishazi huru ndicho kinachodai haki. Kwa "lakini", uzito kwa kawaida huangukia sehemu ya mwisho. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo. Mtu aliyewahi kusikiliza wazee wakisuluhisha ugomvi anaijua kanuni hii, ijapokuwa hajui jina lake la kisarufi. Zoezi linaloomba "although" au "however" katika pengo halimwulizi anatetea upande gani.

Jambo hili limezidi kuwa na uzito tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mkataba wa Jumuiya hiyo wa mwaka 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano mapana. Mfanyabiashara au mwanasheria wa Maniema atakayeandika barua ya Kiingereza huku akigeuza uzito wa vishazi vyake, huenda akakubali asilolikusudia.

Hapana budi, basi, mafunzo yaanze na Kiswahili cha mwanafunzi mwenyewe. Kwanza atenge kazi za "lakini", "bali" na "ila" kwa mifano ya kwao. Pili alinganishe Kifaransa na Kiingereza, akionyeshwa ni lugha ipi iliyomletea kosa lipi. Tatu aandike hoja moja kwa mipangilio miwili, kisha aeleze nani ameshinda katika kila mpangilio. Katika Kiswahili, neno "walakini" limekuwa pia nomino yenye maana ya dosari. Walakini uliopo katika somo hili umo katika orodha ya ubaoni, wala haumo katika ulimi wa mwanafunzi.